Nthabeleng na Njia ya Ha Lefika

Khotso! Amani na iwe juu yenu nyote.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Chifu wetu Mama 'Mathato, mwenye ardhi hii tunayoikanyaga, Mchungaji, Sista wa zahanati ya ng'ambo, ambaye mikono yake imepokea watoto wengi kuliko mikono yangu ilivyopokea vibuyu, ndugu wageni waalikwa wa kutoka mjini, nanyi wa Ha Lefika mlioshinda juu ya tandiko siku nzima, wazee, kina mama, vijana wa hapa Ha Sekoati, na ninyi wengine, ninawaona kule nyuma, mliofuata harufu ya nyama: nawasalimu wote, simruki hata mmoja.

Mimi ndiye Mama Nthabeleng. Shule niliifuata mpaka ikaanza kunikimbia, nikarudi nyumbani kupika pombe ya mtama. Kwa hiyo mkinisikia nimekosea maneno ya kiofisi, nisameheni. Na mkinisikia najisifu, msinisamehe, maana nimekusudia. Nani hapa amezaa mtoto kama wangu? Anyooshe mkono tumwone. Mnaona? Hata mzee wetu huyu, Ntate Thebe, ambaye hunyoosha mkono kwa kila kitu, leo ameuficha ndani ya blanketi.

Wageni wetu wameandika kwamba mwanangu amebuni njia mpya ya jamii kujitatulia matatizo yake. Maneno mazuri sana. Nimemwomba Mchungaji anisomee mara ya pili. Lakini ngojeni niwaeleze jambo lilivyokuwa, kwa sababu karatasi haikuwepo, na mimi nilikuwepo.

Nilikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa Puseletso. Uchungu ulimshika wakati wa mvua, tukamlaza kwenye machela ya miti, wanaume wakabeba kwa zamu, na kabla hatujafika kwenye kijito akaacha kunijibu. Nilikuwa nikimwita kila hatua, "Puseletso, upo?" naye ananijibu, "Nipo, Mama." Kisha hakujibu. Nthabeleng alikuwa nyuma yangu, amebeba viatu vya dada yake.

Baada ya hapo walikuja watu, siwezi kusema hawakuja. Walikuja kutupimia barabara. Vigingi vyao vipo hadi leo, na mbuzi wetu wanashukuru, maana wanajikunia hapo. Wengine wakaahidi gari la wagonjwa. Gari gani, ndugu zangu, litakalopanda pale ambapo punda mwenyewe hutafakari kwanza?

Basi ikawa zamu ya Lineo, jirani yangu, yule pale aliyempakata mtoto. Uchungu ukamshika, mumewe yuko mlimani na ng'ombe. Nthabeleng akachukua foronya nyeupe ya mto wa kulalia, akaifunga kwenye mlingoti uliokuwa karibu, ili mume aione huko aliko na ashuke. Na mlingoti uliokuwa karibu ni upi? Ni wa kwangu! Wageni wa mjini, kwetu hapa mlingoti unasema kwa rangi ya kitambaa: nyekundu ni nyama, kijani ni mboga, na nyeupe ni pombe imeiva. Na pombe yangu, bila kujisifu sana, inajulikana hadi upande wa pili wa bonde.

Mume wa Lineo hakuiona. Lakini wanywaji waliiona! Walitoka Ha Sekoati, wakatoka vijiji vya jirani, farasi wanatoa povu, kila mtu na kopo lake kiunoni. Ntate Thebe ndiye aliyetangulia kushuka.

"Mama Nthabeleng, ni ya jana au ya leo?"

"Ya leo gani, Ntate? Humu ndani mtoto anazaliwa!"

"Hongera sana. Basi tutangoja hapa hapa. Mtoto akizaliwa lazima patapikwa."

Nthabeleng akatoka nje, amekunja mikono ya gauni, akawatazama wale wanaume na wale farasi waliotandikwa, mmoja mmoja. Akasema, "Baba zangu, mmeona foronya kutoka ng'ambo ya bonde?"

"Tumeona vizuri sana, binti."

"Na mmefika kabla maji hayajachemka. Dada yangu alipokuwa anakufa, mlikuwa wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mmoja akasema polepole, "Mwanangu, nani alituambia?" Na Ntate Thebe, huyu huyu ninayemtania tangu asubuhi, akalitupa kopo lake chini, akasema, "Mpandisheni mwanamke juu ya farasi wangu." Lineo akafika zahanati. Mtoto mnamwona.

Sasa hapo ndipo watu wa mjini hupenda kumalizia hadithi na kupiga makofi. Haikuishia hapo. Lilifuata baraza la siku nyingi, na kelele zake mlizisikia. Nthabeleng hakuja na jibu. Alikuja na maswali yake yale yale yanayochosha. Alisema, farasi tunao, macho tunayo, milingoti tunayo, tunakosa nini? Ntate Thebe akasema siku ile ilikuwa dharura, farasi wake si mkunga. Bibi Mamello akamrukia: "Farasi wako anaijua njia ya pombe akiwa amefumba macho, ya zahanati ndiyo anahitaji kufundishwa?" Wachungaji wa ng'ombe wakasema wao wako juu, wanaona milingoti yote, watapiga mluzi kutoka kilima hadi kilima. Kina mama wakasema, mwenye farasi wa zamu tutampalilia shamba lake. Tukabishana rangi ya kitambaa cha mwenye uchungu mpaka Lineo aliposema, "Iwe bluu, maana hakuna anayekula kitu cha bluu."

Mnaona? Kila mmoja ametia jiwe lake. Wageni walipouliza jina la mwenye wazo ili waliandike ukutani, mimi mama mtu nilisema haraka haraka, "Nthabeleng!" Yeye akasema, "Andikeni Ha Sekoati." Nilimkasirikia siku nzima. Hata hivyo, naomba ieleweke kwamba mlingoti ulikuwa wangu.

Tangu hapo, kwenye njia ile ya kijito hatujampoteza mama anayekwenda kujifungua. Ninaisema taratibu, kwa sababu Mungu anasikia na sipendi aone kwamba ninamtambia.

Sasa, ndugu wageni waalikwa, nifike kwenye neno lililonileta.

Wakati wa mavuno alikuja nyumbani kwangu Mama Mosili, yule pale mwenye blanketi la kahawia, kutoka Ha Lefika. Nikampa ugali na mboga, na pombe nikampa. Akasema, "Dada, tulitundika kitambaa cha bluu kama chenu. Bluu ile ile, duka lile lile. Kikapepea mpaka kikachanika. Hakuna aliyekuja."

Mimi nikamwambia, "Labda hamkukitundika juu vya kutosha."

Nthabeleng akaacha kula. Akauliza, "Mama Mosili, kule kwenu bondeni, kukiwa na ukungu, watu hujuaje kama kuna msiba?"

"Tunasikia. Kuna kipande cha chuma cha shule, kinagongwa."

"Kwa hiyo kwenu watu hawatazami. Wanasikiliza."

"Eh! Hilo hakuna aliyewahi kutuuliza."

Nilimtazama mwanangu, mkono wake umesimama juu ya sahani, nikajua ameshaondoka, ila mwili wake tu ndio unamalizia ugali.

Sasa ofisi ya wilaya inamtaka aende akaishi Ha Lefika, akae nao, abishane nao. Na wakishaelewana, kuna kijiji kingine baada yao, na kingine baada ya hicho. Wakati wa theluji ile njia hufungwa, hata salamu haipiti. Na juzi asubuhi, nikichuja pombe, alikuja akashika upande wa pili wa kichujio, akaniambia, "Mama, ukisema nibaki, nitabaki, na sitakununia. Lakini useme mbele ya watu, ili wa Ha Lefika wasikie wenyewe, wasiendelee kuningoja."

Ndiyo maana mnaniona nimesimama hapa, na wengine mlidhani ni kwa sababu ya kujisifu.

Kungoja mimi nakujua. Nilimngoja baba yake miaka yote ya migodini. Nilijifunza kuusikia mwendo wa miguu yake hata asipokuwepo. Nilidhani nimemaliza kungoja. Nyumba yangu sasa ina sauti moja tu isiyo yangu: buti za mpira za Nthabeleng akitoka kuchota maji, na wimbo anaouimba vibaya, daima ule ule, daima anakosea pale pale. Akishaenda, ukoko wa ugali nitamkwangulia nani? Jana nimeukwangua nikaunusa tu, naye bado yuko chumba cha pili anakunja nguo! Niwaulizeni, mtu anaweza kumkumbuka aliye chumba cha pili? Basi mimi naweza.

Neno nililokuja nalo ni "baki". Nimelifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe, na ng'ombe walikubali.

Lakini tangu nianze kusema namtazama binti aliyekaa kando ya Mama Mosili. Simama, mwanangu, usione haya. Unaitwa nani? Anasema Keneuwe. Hili blanketi halifichi kitu, Keneuwe, unajifungua lini? Sikieni nyote. Anasema, mvua zikianza.

Mvua zikianza.

Kaa, mwanangu. Kaa vizuri, egemea.

Nthabeleng, nenda. Nimesema mbele ya watu. Nenda uwahi mvua. Usiwapelekee bluu yetu, maana bluu ni ya kwetu. Kaa nao mpaka wakuonyeshe ya kwao. Ukiona wanakukubalia haraka haraka, jua hawajakuelewa; ngoja mpaka wagombane. Ukila kwao, sifia mboga, lakini pombe usisifie, nitasikia. Na Mama Mosili, huyu ninakuazima, sikupi. Mwazimaji mwema hurudisha kitu na salamu juu yake.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Chifu wangu, Mchungaji, Sista, na wageni wetu wote, nawashukuru kwa kuja kwenu, na kwa kumnyamazia mama mwenye maneno mengi. Masikio yenu yabarikiwe, asanteni sana.

Sasa naomba mmoja wenu anishike mkono nishuke hapa, kwa maana mdomo wangu umeshasema, lakini miguu bado haijakubali.