Bunga Nyeupe ya Yaya Odile

Batata na bamama, majirani na ndugu wa Kanisa, miye Kalenga, mudogo wake, jamaa imenipa kazi ya kusoma maisha ya yaya, dada yangu mukubwa, Odile Nkulu, na ninaomba mutulie, sababu leo sauti yangu ni kidogo lakini hasira yangu ni mingi.

Yaya alizaliwa Kisenge, tarehe 14 mwezi wa tatu 1964, akasoma shule ya msingi kwa bamasista palepale, halafu mine, machimbo yetu, ilipolala na treni kusimama, tukahamia Kolwezi mwaka 1977, akamaliza masomo ya kushona. Tarehe 6 mwezi wa nane 1983 alifunga ndoa na tata Banza, fundi wa umeme wa mine, Mungu akabapa batoto bane, wa mwisho ni Mignonne, ule munamuona pale na mimba yake ya kwanza.

Kampuni ya mine ilipoanguka, tata Banza akarudi nyumbani mikono mitupu, ni yaya aliyetubeba sisi wote, akinunua mihogo, akiloweka mutoni, akianika, akisaga, akiuza bunga sokoni, na hapa hakuna mutu ambaye hakukula bukari yake, ule ugali wa mihogo, musinikatalie!

Mwezi wa tano 2019 balitufukuza kwenye kartie yetu, mutaa wetu, balisema chini ya vitanda vyetu kuna madini ya cobalt, nyumba zikavunjwa tukiangalia, tukatupwa upande wa Mutoshi, kando ya mashimo ya zamani ya mine. Mvula nayo ilikuwa imegeuka, zamani mwezi wa kumi ilikuwa imeshafika, sasa hata Noeli inatukuta na vumbi, muto ukabaki matope, basi yaya akapeleka mihogo yake kwenye shimo moja, mayi yake ya bluu, inang'aa, bila matope, bila harufu, bila hata chura mumoja. Tukasema ni mayi safi, wapumbavu sisi! Mihogo ilichelewa kulainika lakini ilitoka nyeupe pe, wateja bakagombania, yaya akajivuna, na kila chungu alionja wa kwanza.

Mwaka 2023 ngozi ya mikono ilianza kuchubuka, halafu miguu ikavimba, munganga wa hospitali akasema mafigo yamechoka, akauliza yaya anakunywa mayi gani, tukajibu ya bomba, mihogo hakuna aliyeiwaza. Ni jirani yetu mama Mwamini aliyetaja mihogo na shimo wiki iliyopita, na munganga akashika kichwa, akasema mayi ile ina sumu ya madini, akakataza kabisa chakula cha shimo ile. Yaya alisikia, akalia, akauliza, "Na batoto ya batu niliowalisha?" Alitutoka Jumanne, tarehe 11 mwezi wa pili 2025.

Tunashukuru banganga na wauguzi, majirani waliofunga hema, bamama wenzake wa soko, Mungu abariki kila mumoja.

Sasa munisamehe, hii ninayosema sasa, jamaa haikuniandikia. Asubuhi niliuliza jikoni, bakanijibu bukari inayopikwa nyuma ya hema ni ya bunga yake ya mwisho, ya shimo ile. Ninajua, kwetu mutu hakatai bukari ya kilio, ni kumutukana marehemu. Leo mukatae. Bamama, mwageni sufuria, tutazika na njaa. Mignonne, mutoto wangu, usiguse hata tonge.

Yaya, si wewe tunayekukataa. Lala sasa katika amani ya Bwana.