Bi Nafasi na Kadi Alizowachapia Watu

Marehemu dada yetu, ambaye wateja wake walimwita Bi Nafasi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa kifungua mimba wa fundi seremala na mshona nguo. Mama alizoea kusimulia kwamba akiwa na miaka minne aliandika jina la baba kwa mkaa kwenye mlango uliokuwa ukisubiri rangi, na baba akakosa moyo wa kulifuta. Mwenye mlango alisubiri sana.

Alianza shule Januari 1960, akamaliza darasa la nane mwaka 1967. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulinyooka hadi mwalimu mkuu akamkabidhi kazi ya kuandika majina kwenye vyeti vya wenzake. Cha kwake alikiandika pia, na kwa furaha akakosea herufi moja.

Machi 1969 aliajiriwa kufagia kiwanda cha uchapaji. Mpanga herufi alipomkuta akisoma herufi za kuchapia, za madini ya risasi, kinyumenyume bila kukwama, alimpokonya ufagio. Mwaka 1983 alifungua chumba chake mwenyewe, akamshirikisha mdogo wake, anayesoma wasifu huu. Walichapa kadi za biashara tu. Fundi bomba mmoja alitaka kadi yake ibebe kazi kumi na moja na picha ya simba. Marehemu akamuuliza, "Maji yakifurika jikoni kwa mtu, atakusoma mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye namba ya simu."

"Basi tuanzie hapo. Simba hana kazi jikoni."

Kadi ilitoka na jina, neno "Bomba" na namba iliyosomeka bila miwani. Kwingine kote kulibaki kweupe. "Acha nafasi, jina lipumue," alikuwa akisema, na wateja wakamwita hivyo hivyo.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1984. Mwalimu wa hesabu alikuwa amekuja kuagiza kadi, ingawa hakuna aliyejua angemgawia nani. Alirudi mara tatu kusahihisha nukta. Mara ya tatu marehemu aliweka kalamu chini. "Mwalimu, kadi haina kosa. Sema shida yako." Mwalimu akaisema.

Wasifu huu hautakuwa wa kweli ukiuruka mwaka 1994. Mtanashati mmoja alitaka kadi iliyoandikwa "Daktari". Marehemu alimwomba cheti. Akajibu kiko nyumbani. "Basi kadi itakisubiri," marehemu akamwambia. "Mgonjwa ataamini atakachosoma." Juma lililofuata, marehemu akiwa amekwenda kununua karatasi, mtu yule alirudi na maneno matamu, na mdogo wake akamchapia kadi mia mbili. Zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchapa.

Baada ya miezi miwili mama mmoja aliingia na mtoto mgongoni, ameshika kadi ile. Tangu ameze dawa alizopewa, mtoto alikuwa hasikii, na daktari mwenyewe alikuwa amehama. Marehemu aliigeuza kadi, akaitambua karatasi yake. Hakumtazama mdogo wake.

"Imetoka hapa, mama," alisema. "Kosa ni letu."

Aliwapeleka mama na mtoto hospitali, kisha akafunga duka siku tisa. Dada na mdogo walipita saluni, maduka ya dawa na vituo vya basi, wakiomba kadi zile zirudishwe. Walipata mia moja arobaini na sita. Mtu yule hakuonekana tena. Mtoto alitibiwa, ila sikio moja halikurudi.

Kwa miezi saba walifanya kazi meza moja bila kusemezana ila "Karatasi" na "Hii hapa." Ndipo asubuhi moja marehemu akasukuma oda mezani, akauliza, "Hili jina tuliweke juu au katikati?"

"Katikati," mdogo alijibu, akaenda uani kulia. Aliporudi, lilikuwa katikati.

Agosti 2019 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Mumewe alimwogesha na kumlisha kwa subira ya mwalimu. Mdogo alimpelekea oda kitandani azikosoe. Jumatano ya mwisho alionyeshwa kadi ya mwanasheria. "Imejaa mno," alisema kwa shida, na ilikuwa kweli. Alifariki nyumbani asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Februari 2022, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mume, binti anayeendesha duka sasa, mtoto wa kiume ambaye ni muuguzi, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, aliyesamehewa.

Mungu ampe pumziko la amani.