Anayekanda Hakandwi

Kwenye Noah ya abiria kutoka Ilongero kwenda mjini, kijana Peniel alimwamkia bibi aliyekaa naye, kisha akaanza kumweleza aina za masaji anazofanya pale Utemini. Ipo ya taratibu, ya kumlegeza mtu apate usingizi. Ipo ya kukandamiza, kwa misuli iliyokaza. Ipo na ya kuamsha viungo vya waliopata kiharusi. Mimi niliyekaa nyuma yao mgongo unaniuma tangu mavuno ya mwaka jana, nikajifanya natazama alizeti dirishani.

"Majina mengi," alisema Bibi Evodia. "Sisi tunaita kukanda. Maji ya moto na samli, basi. Waliojifungua kijiji kizima wamepita mikononi mwangu."

"Na huo mkono wa kulia, bibi?"

Ulikuwa umelala mapajani, vidole vimelegea. "Kiharusi. Na mkwe wangu kajifungua jana, ananisubiri nimkande."

"Wewe nani anakukanda?"

"Anayekanda hakandwi," alijibu, na sikuthubutu kuuliza nani alitunga sheria hiyo.

Peniel akaomba aushike. Bibi alimpa, nadhani ili amuumbue. Kijana akaanzia kiganjani, akaenda kidole kimoja kimoja. "Unanipapasa tu," bibi akalalamika. "Kaza mkono." "Huu unataka kubembelezwa, bibi, siyo kulazimishwa." Wakabishana hivyo mpaka Utemini.

Gari liliposimama, Peniel aliinuka akashindwa kwenda. Vidole vya bibi, vile vilivyolegea, vilikuwa vimeshika dole gumba lake. Wote wawili wakavitazama.

"Bado naita kukanda," alisema bibi, bila kumwachia.