Kiganja cha Fundi Lukumani

Fundi Lukumani Abbasi anastaafu tarehe 30 Juni 1984, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Asali na Nta kwa miaka ishirini na miwili na miezi minane. Aliajiriwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kubadilishwa, na hachoki kututania kwamba Uhuru ulimkuta kazini.

Ni mzaliwa wa Kwihara, mtoto wa fundi cherehani, naye ufundi aliuanzia kwenye baiskeli. Pikipiki yetu ya kwanza ilipofika mwaka 1964, hakuwa amewahi kuifungua hata moja. Aliifungua yote juu ya mkeka, akapanga kila kipande kwa zamu yake, na kwa siku tatu akakataza mtu yeyote asifagie karakana. Siku ya nne ikawaka. Pikipiki hiyo ya buluu ingali inakwenda Igalula kila wiki, na wapo vijana hapa kituoni ambao ni wadogo kwake.

Siri ya umri wake ni sponji moja isiyozidi ukubwa wa andazi. Ndiyo filta ya hewa, ambayo Fundi huiita pua ya injini. Njia zetu ni zile zile walizopita wapagazi wa zamani, na vumbi lao bado hawajalichukua. Kwa hiyo kila Jumatatu Fundi huitoa sponji, akaifua kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji na sabuni. Huikamua kwa kuibana tu, na ole wako uisokote kama kanga. Huianika kivulini mpaka ikauke, halafu huitia oili na kuibana tena, maana vumbi hunaswa na oili, na sponji kavu haizuii kitu.

Kuna jambo aliloniruhusu kulisimulia, ingawa kwa shingo upande. Mwaka 1973, siku ya mwisho ya Ramadhani, alikuwa anaiandaa pikipiki ya bwana nyuki aliyekuwa na safari ya wiki mbili upande wa Ulyankulu. Sponji ilikuwa imekauka, ila yeye alikwisha kutawadha na kuvaa kanzu nyeupe, na adhana ilikuwa karibu. Hakutaka kushika oili. Akaipachika sponji mahali pake isiingie uchafu, akinuia kuitia oili akirudi. Aliporudi mwezi ulikuwa umeonekana na mji mzima una furaha. Akaiona sponji imo, akasahau kwamba haina oili, akafunga kifuniko.

Huyo bwana nyuki ni mimi, Modest Kasimiri, ninayeandika haya. Siku ya kumi na mbili injini ilinifia porini, ringi zimeliwa na vumbi. Nilitembea siku moja na nusu. Nilipofika nikakuta maneno yamenitangulia, kwamba nilikuwa nakunywa wanzuki, ile pombe ya asali, vijijini na kuikimbiza pikipiki kilevi. Barua ya kunifukuza ilikwisha kuandikwa. Nyumbani, mke wangu Apolinaria alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza.

Pikipiki ililetwa kwa lori, na Fundi akaifungua peke yake. Hakuna mwingine aliyeiona ile sponji. Angeweza kuitupa motoni na mambo yakaishia kwangu. Badala yake aliingia kikaoni nayo mkononi, akamsalimu Mkuu wa Kituo kwa adabu na kumwomba aibane. Kiganja cha Mkuu kikatoka kikavu, cheupe kwa vumbi. Fundi akasema, "Mzee, kosa ni langu. Huyu kijana hana hatia." Barua yangu ikachanwa. Yeye akavuliwa ukuu wa karakana kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo sikumsikia akinung'unika hata mara moja.

Tangu hapo akaweka sheria yake. Pikipiki haitoki mpaka mwendeshaji mwenyewe aibane sponji na kuonyesha kiganja. Kinatakiwa king'ae lakini kisidondoshe. Basi kila Jumatatu watu wazima na ndevu zetu tunapanga mstari, mikono mbele, kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha.

Mwaka 1980 sponji zilichakaa na madukani hazikuwepo. Fundi akaja na mpya, laini, zilizokatwa vizuri. Baada ya wiki mkewe, Bi Tatu, alifika karakana kuulizia kona ya godoro lake. Mpaka leo anasema miguu yake inalala Kwihara na godoro lake linalala Igalula. Kwa ajili hiyo wafanyakazi tumechanga godoro jipya, naye Fundi ameahidi mbele ya mashahidi kutolisogelea na mkasi.

Jana alasiri, Ramadhani ikiwa ukingoni tena, alikuwa amevaa kanzu na amekwisha kutawadha nilipokumbuka kwamba pikipiki ya buluu ina safari asubuhi na sponji yake haijatiwa oili. Nilimwambia aache, nitaifanya mwenyewe. Alikunja mikono ya kanzu, akaitia oili sponji, akaibana, kisha akanyoosha kiganja chake mbele yangu nikikague mimi. Kiling'aa, hakikudondosha. Akafunga kifuniko, akarudi bombani kutawadha upya. Nilibaki nimesimama pale, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Fundi, asante kwa injini zote, na asante kwa ile siku ya kikao. Mwanangu yuko darasa la tatu, na amekula jasho la kazi uliyoniokolea. Mungu akupe afya wewe na Bi Tatu, akujalie Idd njema na usingizi wa raha Kwihara. Jumatatu tutapanga mstari kama kawaida, na tutakaguana viganja wenyewe.