Sauti Iliyokuwa Kwenye Seva ya Mbali

Kampuni aliyoitumikia marehemu imetangaza kwa masikitiko kwamba jioni ya Jumapili, tarehe 16 Juni 2024, mara tu baada ya kupokea taarifa ya kifo, ilifuta nywila yake, na kwamba hakuna tena awezaye kuingia kwenye seva kwa jina lake. Familia inashukuru kwa uharaka huo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974, kitinda mimba wa fundi saa. Alisoma shule iliyopakana na ghala la mbao, kisha chuo cha ufundi, alikomaliza mwaka 1998.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kutunza tovuti za watu. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la viatu. Seva zilikuwa katika nchi ambazo hakuwahi kukanyaga. Hakutumia picha za kubofya wala kipanya: kioo cheusi na amri za kuandika tu, na mafaili yakahama, yakapewa majina, yakafutwa. Mama yake aliwaambia majirani, "Mwanangu yuko kazini ng'ambo, ila mchana anakuja kula."

Mwaka 2003 alimposa fundi cherehani. Alipokubaliwa, akauliza tena, kama kompyuta kabla ya kufuta, "Una uhakika?"

"Wee! Mimi si faili," binti akamjibu.

Walijaliwa binti na mvulana. Binti aliondoka kwa homa mwaka 2010, akiwa na miaka mitano. Ikabaki rekodi moja: mtoto akiigombeza cherehani ya mama yake kwa kukata uzi.

Mwaka uliofuata marehemu alikuwa akisafisha seva ya mteja. Alikuwa amefungua madirisha mawili meusi yanayofanana, moja la seva, jingine la kompyuta ya nyumbani. Aliandika amri ya kufuta kwenye la nyumbani. Kioo cheusi hakiulizi mara mbili, wala hakina pipa la taka la kufukulia. Rekodi ikaenda.

Alikumbuka kuwa aliwahi kuhifadhi nakala kwenye seva mojawapo ya mbali. Ipi, hakukumbuka. Tangu hapo, kila alipomaliza kazi aliingia kwenye seva moja baada ya nyingine, akipekua. Wenzake wakamwita Taratibu, kwa jinsi alivyokaa na kidole hewani kabla ya kubonyeza.

"Umeipata?" mkewe alimwuliza mezani.

"Bado, mama."

Baadaye mkewe aliacha kuuliza. Alimsogezea sahani tu, akimtazama usoni.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alipolazwa, vidole vilicheza juu ya shuka.

"Baba, unaandika nini?" muuguzi aliuliza.

"Imebaki seva moja, binti."

Alifariki Jumapili hiyo ya tarehe 16 Juni, alasiri.

Jumatano, mwenzake wa kazini aliiwasha kompyuta ya nyumbani kutafuta picha ya kuchapa kwenye ratiba hii ya mazishi. Akakuta faili geni la sauti, limetoka kwenye seva ya mbali. Akalifungua.

"Ni yeye," alisema mjane. "Zima. Hapana... hapana, baba, liache."

Akasikiliza amesimama, mkono juu ya cherehani, mpaka mtoto alipomaliza kugomba.

Marehemu ameacha mjane, mwana mmoja, na dada wawili. Tunamwombea pumziko jema. Kumbukumbu za seva zinaonyesha kwamba aliingia Jumanne, tarehe 18 Juni, kwa jina lake, akatuma faili moja, akatoka.