Tundu Kichwani mwa Bujiku

Mwaka ule wa themanini na saba kijiwe chetu kilikuwa kwenye benchi la Shaaban muuza kahawa, njia ya machimbo, Geita. Siku moja kamba ilikatika shimoni, ndoo ya mawe ikamwangukia Bujiku kichwani. Akainuka, akaja kunywa kahawa, tukamtania kwamba kichwa chake ni mwamba. Siku ya tatu asubuhi akaanza kutapika, tukamkimbiza hospitali ya misheni. Daktari, Mdachi, akasema damu inavujia ndani ya fuvu, inaubana ubongo. Atatoboa tundu dogo tu, itoke. Lakini kwao Bujiku kichwa cha mtu hakiguswi kwa chuma mpaka mkubwa wa ukoo aseme. Mkubwa ni kaka yake, Pantaleo, naye akaja kufikiria kijiweni. Kijiwe chetu, Mungu atusamehe, hakijawahi kukosa jibu.

— Mimi nimechimba miaka, — alianza Muhidini, tuliyemwita Profesa Duara, kwa jina la shimo la kuchimbia dhahabu. — Ukitoboa mwamba wenye maji, duara lote linashuka.

— Tundu lenyewe dogo, — alisema Pantaleo. — Kama kitufe cha shati.

— Dogo! Chovya chovya humaliza buyu la asali. Damu itatoka yote.

— Na upepo je? — Huyo Theonest, jina la kijiweni Redio. — Upepo ukiingia kichwani hautoki. Kuna mtu Ushetu alitobolewa, mpaka leo akiinama anapiga mluzi bila kutaka.

— Mayu wane, mama yangu! Ulimwona? — alishtuka Pantaleo.

— Nilisimuliwa na aliyemsikia.

Shaaban akamimina kahawa, akachomekea lake:

— Mimi nahofia akili. Itavuja na damu. Ataamka hamjui mkewe, anasema Kidachi na daktari.

— Ndiyo maana wahenga wakasema usipoziba ufa utajenga ukuta, — Profesa akafunga hoja. — Sasa hawa wanatoboa ufa!

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko kile kinaniuma hadi leo. Pantaleo hakucheka. Aliizungusha kahawa yake ikapoa.

— Nikikubali akafa, nimemuua, — alisema. — Nikikataa akafa, nimemuua.

— Haraka haraka haina baraka, kaka. Ngoja jioni, — Redio akamshauri.

Pembeni alikuwa ameketi dereva wa lori kutoka Isaka, mgeni, anasubiri gurudumu lizibwe. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mgonjwa asubuhi alikuwa anaongea?

— Alikuwa anaongea vizuri tu, — nilimjibu. — Alifumba macho baadaye, mchana.

— Basi alipokuwa anaongea, mlimuuliza yeye mwenyewe anataka nini?

Katika watu wote waliokizungumzia kichwa kile, hakuna aliyemuuliza mwenye kichwa.

Pantaleo akainuka kwa kasi, kahawa ikamwagika.

— Naenda kumwambia daktari atoboe.

Hakufika hata barabarani. Nyamizi, mke wa Bujiku, alikuwa anakuja kutoka hospitali, peku, mikono kichwani, na kilio chake kilikuwa kimeshatufikia.