Arlene Hruska na Nyumba ya Corinne

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Milo, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikisimama kidogo katikati mnivumilie.

Dada yetu Arlene alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa Cedar Rapids, Iowa, mtoto wa kwanza wa fundi seremala Bohumil Hruska na mkewe Emilie, akamaliza sekondari mwaka 1969, na wiki iliyofuata akapanda juu ya paa pamoja na baba. Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Duane, dereva wa lori la mahindi, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti mmoja, Corinne, na wajukuu wawili.

Mwaka 1986 alianza kazi ya kukagua nyumba kwa niaba ya wanunuzi, akaifanya miaka thelathini na sita, na mnunuzi hakuruhusiwa kukaa jikoni akila biskuti za muuzaji, alimwambia, "Vaa viatu vibaya, unifuate," wakashuka wote chini ya nyumba na tochi. Baada ya mafuriko ya 2008 alikuwa akikuta ukuta wa chumba cha chini ya ardhi umepakwa rangi mpya, anauliza kwanza rangi inaficha nini. Madalali walimtania, "Bibi Hruska akishuka ngazi, biashara imekufa," naye akawajibu, "Siui biashara, kijana, namwonyesha mtu anachonunua."

Februari 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, na mwezi wa tano Corinne akapata nyumba anayoitaka, wanunuzi tisa wanaigombea, dalali akamshauri aondoe sharti la kukagua nyumba kabla ya kununua ili ashinde. Corinne alitaka mama yake aione nyumba yake kabla hajaondoka duniani, akamwambia, "Mama, hatuna muda," na Arlene, akiwa kitandani, akamjibu, "Mimi ndiye sina muda, wewe utalala humo miaka thelathini, ukaguzi hautoki." Corinne alilia, akatii, nyumba ikachukuliwa na mwingine, na kwa siku nne hawakuzungumza.

Agosti ikapatikana nyingine, ya mwaka 1948, Arlene akakataa kuikagua mwenyewe, akasema jicho la mama linasamehe, akamtafuta mkaguzi asiyemjua Corinne, na ripoti ya kurasa thelathini na nane ilipokuja walikaa nayo kitandani siku mbili. Corinne alisoma kurasa tano akasema, "Basi, hii imefeli," Arlene akacheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Nyumba siyo mtoto wa shule, haifaulu wala haifeli, kila nyumba ina kasoro, wewe tenga za kuishi nazo, za kumtaka muuzaji atengeneze, na zile ambazo akikataa unaondoka." Tanuru la kupasha nyumba joto lilikuwa na ufa, na ufa ule hutoa hewa ya sumu watu wamelala, akaweka kidole hapo, "Hili akikataa, unaondoka." Muuzaji alikataa mara mbili, Corinne akamwambia mara mbili kwamba anaondoka, mara ya tatu muuzaji akakubali, tanuru jipya likawekwa.

Arlene alifariki tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, kabla funguo hazijatoka, hakuingia ndani ya nyumba ile hata siku moja, na alijua hataingia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwondolea maumivu, majirani walioleta supu na kusafisha theluji mlangoni, na wakaguzi wenzake waliobeba jeneza leo. Corinne alikabidhiwa funguo juzi, viti bado hakuna, lakini kolache, vile vikate vitamu vya jamu, na kahawa vipo, kwa hiyo kutoka makaburini tunakwenda wote kwake, mlango wa nyuma unakwama, imeandikwa ukurasa wa kumi na nne wa ripoti ya ukaguzi, nimeusoma mwenyewe, ni kasoro ya kuishi nayo, usukumeni kwa bega muingie.

Lala kwa amani, dada Arlene.